Mwaka wa Noti za Mgomba

Namshukuru Mungu kwamba Zefania alitangulia, kwa sababu kama yeye ndiye angenizika mimi, nina hakika angeligeuza jeneza langu kuwa swali. Maziko yake yenyewe yalichosha vya kutosha. Wageni walitoka Nairobi na viatu visivyofaa matope ya Nyamira, wakashika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine, wakasema marehemu alikuwa mtu aliyethubutu kuuliza pesa ya karatasi ina thamani gani. Mmoja alieleza kwamba kazi yake kubwa ya kwanza, noti alizotengeneza kwa migomba alipokuwa mwalimu kijana kule Magwagwa, ilipotea yote, na kwamba kupotea huko ni sehemu ya maana yake. Nilikuwa nimeketi kwenye hema la wazee wa kanisa na kitabu cha nyimbo mapajani, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Haikupotea. Niliichoma." Mama aliyekuwa kando yangu alinikanyaga mguu. Nikanyamaza, maana msiba si mahali pa kubishana, na pia kwa sababu nimebishana na Zefania tangu tukiwa vijana na sikuwahi kushinda hata mara moja, seuze siku hiyo ambayo yeye alikuwa amelala na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Wakati wa chakula msichana mmoja alinifuata na sahani yake mkononi. Jina lake ni Moraa, anasimamia ukumbi wa maonyesho ya sanaa katika mji wa Kisii. Akaniambia pole, akaniuliza kama ni mimi niliyesema nimechoma. "Ni mimi." "Mwalimu, ulichoma kazi ya Zefania?" "Nilichoma karatasi. Kazi niliifanya kwanza." Hakuelewa, na sikumlaumu. Akanieleza kwamba kuna mtu wa ng'ambo anayekusanya sanaa za namna ile, na kwamba kama kungepatikana noti moja tu, hata iliyokunjika, mtu huyo angelipa pesa za kununua gari. "Gari la nani?" nikamwuliza. Akacheka, akafikiri natania. "Kama iko moja mahali fulani, Mwalimu, tafadhali uniambie." Ilikuwepo, na nilijua ilikuwa kwa nani. Lakini nyama ya siku hiyo ilikuwa ngumu, nikaendelea kutafuna, naye akaenda kuwauliza wengine.

Basi afadhali nieleze mimi mwenyewe, kabla hawajaandika wao. Mwaka huo nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya msingi iliyo juu ya soko la Magwagwa. Walimu ambao hawajaoa wala kuolewa walipewa nyumba moja ndefu ya mabati chini ya uwanja, vyumba pande mbili na jiko katikati. Upande mmoja nilikaa mimi, na kitanda changu, meza ya kusahihishia, kalenda ya kanisa ukutani na taa ya chemni ambayo glasi yake niliisafisha kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia. Upande wa pili alikaa Zefania, mwalimu wa sanaa. Chumba chake hakikuwa na kitanda, kwa sababu mbao za kitanda alichopewa na shule alikuwa amezitengenezea fremu. Alilala kwenye godoro sakafuni, katikati ya makopo ya rangi na vumbi la jiwe la sabuni. Kuta za nyumba ile hazikufika darini. Jioni nikisoma lesoni ya Sabato nilimsikia akibishana peke yake. "Lakini kwa nini waiamini?" angesema. Kimya kidogo. "Hapana, hilo si jibu." Mara nyingine nilijikuta nimesoma mstari mmoja wa Isaya tena na tena bila kujua nimesoma nini, nikagonga ukuta. "Samahani, Mwalimu Kemunto," angejibu, kwa adabu kabisa, na kuanza upya kwa kunong'ona, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Jikoni kulikuwa na mafiga matatu na sufuria yangu. Nataka ieleweke ilikuwa sufuria ya namna gani. Ilikuwa kitu cha kwanza nilichonunua kwa mshahara wangu wa kwanza, pana, nzito, ya kupikia watu wengi, na niliinunua nikiwa na mawazo ya msichana juu ya watu watakaoketi kula nyumbani kwangu. Siku moja nilirudi kutoka darasani, nikakuta mafiga hayana kitu. Nyuma ya nyumba Zefania alikuwa amekoka moto wake mwenyewe, na ndani ya sufuria yangu kulikuwa na nyuzi za mgomba zikichemka kwenye maji ya majivu, zikitoa harufu ya soksi zilizosahaulika.

"Zefania, hiyo ni sufuria yangu."

"Ndiyo, iko kazini."

"Kazi gani?"

"Inatengeneza pesa."

Aliponda zile nyuzi kwa mchi, akazitandaza kwenye wavu wa dirisha aliouweka kwenye fremu za kitanda, akazianika juani. Zilipokauka zilikuwa karatasi za rangi ya chai ya maziwa, ngumu kidogo, na kingo zenye nywelenywele. Alikuwa amechonga muhuri wa jiwe la sabuni. Mahali ambapo noti ya serikali huwa na kichwa cha Rais, yake ilikuwa na kiganja kitupu kilichofunguliwa. Juu yake palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa, MOJA. Haikusema moja ya nini. Mwalimu mkuu alipoziona aliuliza kama Zefania alitaka shule nzima ifungwe kwa noti bandia. Zefania akamjibu kwamba noti bandia ni ile inayojifanya kuwa nyingine, na hii haikujifanya kuwa kitu chochote. Mwalimu mkuu akaenda zake akiwa ameridhika, au amechoka. Ugali wangu ulinuka soksi mpaka mwisho wa muhula.

Alikuja na bunda lile mezani kwangu nikisahihisha insha. Alisema noti bila sahihi ni kikaratasi tu, na kwamba lazima iwe na sahihi ya Gavana, kama za Benki Kuu. "Tia yako mwenyewe," nikamwambia. "Mwandiko wangu ni mbaya," akasema, "na wewe unajulikana." Nilisikia ile sehemu ya mwandiko, maana ni kweli mwandiko wangu ulikuwa mzuri na ndio uliotumika kuandika mabango ya kambi ya kanisa. Ile sehemu ya kujulikana ilinipita. Nikatia sahihi bunda zima, Trufena Kemunto, Trufena Kemunto, na chini ya kila jina yeye aligonga neno Gavana. Nilidhani ni somo la watoto. Nami nilikuwa na insha za kumaliza.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Siku ya soko aliwapa watoto wa darasa la saba noti zile, akawaambia wateremke wakajaribu kununua kitu, chochote kile. Watakataliwa, na wakishakataliwa warudi waandike insha kueleza ni kwa nini karatasi moja inakubalika na nyingine haikubaliki. Hilo ndilo alilotaka waone, kwamba hata ile ya serikali ni karatasi tu, na imani ya watu inaning'inia hewani. Wa kwanza kuwakataa alikuwa muuza sukari, wa pili muuza nyavu za kuchujia chai. Zefania, aliyesimama nyuma yao, alifurahi. Kisha wakafika kwa Mama Bosibori.

Mama Bosibori aliuza ndizi karibu na lango la soko, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Yaliyosemwa pale nimeyasikia kwa Zefania na kwake yeye mwenyewe mara nyingi, na kila mmoja alimwigiza mwenzake vizuri. Aliishika noti, akaigeuza, akainusa.

"Hii imetengenezwa kwa mgomba," akasema. "Mnaniletea mgomba mnunue mgomba?"

"Ni pesa, Mama," Zefania akamwambia. "Ama si pesa. Wewe unaonaje?"

"Na hili jina ni la nani?"

"La Mwalimu Kemunto."

"Yule wa kwaya? Anayefundisha watoto siku ya Sabato?"

"Huyo huyo."

"Ameandika mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Sasa moja ya nini?"

Zefania aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo swali alilokuwa amelingojea maisha yake yote, kwa hiyo akalijibu vibaya. "Moja tu, Mama," akasema. "Hapo ndipo penye swali."

Mama Bosibori hakuona swali lolote. Kwetu akina mama hulimiana kwa zamu. Kundi hilo huitwa egesangio: leo mnanilimia mimi, kesho tunamlimia yule, na hakuna anayelipwa kwa kuwa kila mtu atakuja. Mtu akikulimia moja, unamlimia moja. "Moja ni siku moja," akawatangazia wenzake kwa ile sauti yake. "Mwalimu Kemunto anaingia egesangio. Ametuma karatasi kwa sababu anaona haya kuomba." Akampa mtoto mkungu mzima. Kabla jua halijafika juu ya vichwa, akina mama walikuwa wakiwaita watoto wa darasa la saba na kuwauliza kama bado wanazo. Mayai yalinunuliwa, maharagwe, kuku mmoja, mboga za chinsaga za kujaza vikapu. Zefania alipanda kilima akikimbia, akaniwekea mkungu wa Mama Bosibori mlangoni bila kueleza lolote zaidi ya kwamba somo lilikuwa limekwenda tofauti. Nilizimenya zile ndizi, nikazipika kwa vitunguu na samli. Nilikula, nikamsifu aliyezilima. Nilikula tena asubuhi.

Siku iliyofuata, Sabato, akina mama walinisalimu nje ya kanisa kwa upendo ambao sikuwa nimewahi kuupata. "Mwalimu, tutaonana kesho." "Mwalimu, karibu kwetu." Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa ushirika wa watakatifu. Jumapili asubuhi nilifungua mlango nikamkuta mwanamke mmoja amesimama na majembe mawili begani. "Bwakire, Mwalimu," akanisalimu. "Hili jepesi nimekuletea wewe."

Alinionyesha noti yenye sahihi yangu, akanieleza kwamba ni siku moja ya kulima. Nilimwendea Zefania na noti hiyo mkononi, nikiwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata joto. Alinisikiliza, macho yake yakizidi kung'aa. "Wameipa thamani," akasema. "Kemunto, unaelewa? Nilitaka kuonyesha haina, wao wameipa." Nikaona kwamba hapo sitapata msaada. Nikaenda kwa Mzee Yusufu, mzee wa kanisa letu, mtu mpole aliyeshona viatu pale sokoni, nikamweleza yote na kumwomba awaambie wale akina mama kwamba ulikuwa mchezo wa shule.

"Ulitia sahihi?" akaniuliza.

"Nilitia, Mzee, lakini ilikuwa mchezo."

"Na ndizi za Bosibori zilikuwa za mchezo?"

"Zilikuwa ndizi."

"Ulizila?"

Nikaokota msumari uliomwanguka, nikampa.

"Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu, Mzee."

Akarudi kwenye kiatu chake. "Basi nenda, mwanangu. Anza na yule aliyekuja na jembe jepesi."

Hivyo ndivyo mwaka wangu ulivyopita. Kila Jumapili niliyojaliwa nililima, nilipalilia, nilichuma chai, nilibeba mbolea ya ng'ombe kwa kikapu kupanda miteremko ambayo mbuzi huisitia. Shamba la wimbi ndilo lililonitesa kuliko yote, kwa sababu magugu yake yanafanana nalo kama pacha, na mara ya kwanza niling'oa mstari mzima wa chakula cha watu nikaacha kwekwe zimesimama kwa fahari. "Mwalimu anasahihisha," mama mmoja akasema. "Ameweka makosa, amefuta majibu." Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nikiinua mgongo nipumzike, wangeniimbia, "Gavana amechoka, benki imefungwa!" Lakini walinionyesha tena, jani kwa jani, bila kuchoka, na mchana walinikatia obokima, ule ugali wa wimbi, na kunimiminia maziwa ya mala kutoka kwenye kibuyu, nikala nimenyoosha miguu kwenye nyasi kama wao. Nilisikia mazungumzo ambayo hakuna anayeyasema mbele ya mwalimu: nani amerudishwa kwao, nani anaficha mimba, nani anamwombea mumewe arudi na nani anamwombea asirudi. Kazi ikiisha, mwenyewe alinirudishia noti yangu, nami nikaenda nayo jikoni na kuitia motoni, isije ikaniita mara mbili. Zefania alinisihi nisizichome. Alisema hiyo ni kama kurarua picha. Nikamwambia alete jembe lake, na mimi nitaleta picha yake.

Na yeye alikuwa wapi siku hizo? Alikuja, ndiyo. Alikaa kwenye ukingo wa shamba na daftari lake la kuchorea, akanichora. Nimeinama, nimechuchumaa, nimeshika kiuno. Alisema kwamba mimi sasa ni nusu ya kazi yenyewe. Siku moja nilimnyang'anya penseli nikampa jembe, na katika muda wa kuchemsha chai alikuwa amejikata kidole cha mguu, akafungwa kitambaa na mama mwenye shamba, akapewa uji, akabembelezwa. Mimi nikamaliza sehemu yake. Ninamwomba Mungu anisamehe kwa niliyoyawaza nikiitazama ile bendeji.

Kisha noti zikaanza kusafiri. Mama mmoja alimpa dada yake kwa kuku, dada akaenda nayo alikoolewa. Nikaitwa Kenyenya na mtu ambaye sikuwahi kumwona usoni, nikatoka alfajiri nikafika jua likiwa juu, nikapalilia mahindi, nikalala huko kwa sababu ya mvua. Nikaitwa Nyansiongo, kwenye yale mashamba mapana yaliyokuwa ya wazungu, na mama aitwaye Anjelina, Mkatoliki mwenye ng'ombe wa maziwa. Aliniandikia nije Jumamosi. Nikamjibu kwamba Jumamosi ni Sabato ya Bwana, nitakuja Jumapili. Akanijibu kwamba Jumapili ni siku ya Bwana, na yeye hawezi kuona mtu analima shambani mwake watu wakitoka misa. Tukaandikiana hivyo kwa upole na Maandiko, kila mmoja akimwombea mwenzake nuru, mpaka shule ilipofungwa nikaenda Jumatano. Alinifungulia lango akasema, "Kumbe Wasabato pia wanakuja." Nikamwambia, "Kumbe Wakatoliki pia wanangoja." Tukafyeka majani ya ng'ombe pamoja, na mpaka alipofariki tulitumiana salamu kila Krismasi, yeye akijua vizuri kwamba mimi siifanyii Krismasi makuu.

Karibu na mwisho wa mwaka tuligombana kweli kweli, mimi na Zefania, tukiwa jikoni, maharagwe yakiiva. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma sanaa Nairobi, na alikuwa akinieleza jinsi atakavyowaeleza watu wa huko kwamba pesa ni hadithi ambayo watu wamekubaliana kuiamini. Nikamwambia si hadithi. Nikamwambia akina mama wale hawakuamini karatasi yake hata dakika moja. Waliuliza ni nani atakuja. Akasema hilo ndilo analosema. Nikamwambia hapana, yeye anasema hakuna kitu nyuma ya karatasi, na mimi ndimi niliyekuwa nyuma ya karatasi mwaka mzima, na mgongo wangu ungeweza kumweleza. Akauliza kama anaweza kuliandika hilo. Nikamtupia kitambaa cha sufuria. Alipoondoka aliniachia ule muhuri wa jiwe la sabuni, nami nikautumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Mpaka sasa ndiyo kazi yake.

Noti zote zilirudi isipokuwa ile ya kwanza kabisa. Kila nilipopita langoni mwa soko nilimwuliza Mama Bosibori, "Mama, yako lini?" Naye angenijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi zake, "Siku yangu bado." Mwaka ukaisha, nikahamishwa shule, nikaolewa, nikafundisha, nikastaafu. Alipokuja kwenye harusi yangu alinibusu mashavu yote mawili na kuninong'oneza, "Bado." Nilikuwa nimevaa shela. Niliudhika mbele ya mchungaji.

Wiki mbili baada ya kumzika Zefania, mwanawe Mama Bosibori, Nyakundi, ambaye ana duka pale Magwagwa, alinipigia simu. Sijui ni nani aliyemwambia Moraa, lakini kwetu jambo likishasemwa kwenye hema la msiba limesemwa. "Mwalimu, yule dada wa Kisii yuko hapa na mkataba," akasema. "Pesa ni nyingi, Mwalimu, ningemaliza ile nyumba ya kupangisha. Lakini Mama amekataa kabisa mpaka Gavana aje." Nikaenda Jumapili. Mama Bosibori alikuwa kwenye kochi lake chini ya picha za familia zilizopangwa juu karibu na dari, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, chupa ya chai mezani. Amezeeka sana, yale mabega yameingia ndani, lakini sauti ni ile ile. Noti ilikuwa mapajani mwake. Ilihifadhiwa kwenye kopo la majani chai pamoja na kitambulisho chake, na sahihi yangu ilikuwa bado nyeusi, ya msichana anayejivunia mwandiko.

"Mwalimu umekuja," akasema. Kisha akamgeukia Moraa. "Huyo mtu wa ng'ambo akiinunua, atamwita mwalimu aende kumlimia?"

"Hapana, Mama," Moraa akasema. "Ataiweka ukutani, aitunze."

"Basi hajui imeandikwa nini."

"Anajua ni ya thamani sana, Mama."

"Bei ninaijua, mwanangu. Nimeuza ndizi maisha yangu yote. Nimekuuliza kitu kingine."

"Mama, tafadhali," Nyakundi akasema. "Nitakuwekea vibarua watano shambani. Kumi! Kwa hiyo pesa utalimiwa mpaka uchoke."

"Wewe ulianza hiyo nyumba kabla hujaoa, na hujaimaliza kwa sababu kila mwaka unabadilisha simu." Akaninyooshea ile noti. "Wenzangu walikuwa na haraka. Walikuita wakiwa na nguvu, mkalima pamoja. Mimi nikasema nitakuita siku ambayo siwezi kuinama. Siku hiyo imefika. Ni lile shamba dogo la wimbi, chini ya migomba. Hawa wanataka kupanda miti ya kuuza. Mimi nataka kuliona safi."

"Mama," nikamwambia, "na mimi siwezi kuinama. Goti hili limefanyiwa upasuaji."

"Hiyo si shauri yangu. Haijaandikwa hapo."

Nilikuwa na sketi ya kanisani na viatu vya kanisani. Nikaomba jembe, nikaomba gunia kuukuu la kupigia magoti, Nyakundi akalileta bila kunitazama. Mama Bosibori akabebwa na kiti chake mpaka kwenye kivuli cha migomba, akaketi hapo kunisimamia. Nilipalilia nikitambaa, na goti lilinikumbusha kila jiwe. Magugu na wimbi yalikuwa yamefanana kama zamani, lakini vidole vilikumbuka kabla ya macho. Moraa alizunguka pembeni akinipiga picha kwa simu, kutoka mbele, kutoka nyuma, na kwa kitambo nikahisi Zefania amefufuka kabla ya wakati. "Weka hiyo simu," nikamwambia, "ama ushike mstari ule." Aliiweka. Aling'oa wimbi kwanza, kama kila mtu, na Mama Bosibori akapaza sauti, "Huyo naye anasahihisha!" Tulimaliza jua likiwa limegeuka.

Jikoni, moto ulikuwa umekokwa chini ya sufuria ya ugali. Mama Bosibori alinipa noti kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Nyakundi alitoka nje akasimama ametupa mgongo. Moraa, matope mpaka magotini, alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hiyo ni ya mwisho duniani." Nikamwambia najua. Nilikuwa nimeingoja tangu kabla mama yake hajaolewa. Niliisukuma kati ya mafiga. Karatasi ya mgomba haiwaki haraka. Ilijikunja kwanza, kile kiganja kikafumba, kisha ikashika moto. Nilimshukuru Mungu kwamba nimemaliza, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu hakuna mtu yeyote, Kisii wala Nyamira, mwenye karatasi ya kuniita.

Tukala ugali na chinsaga, Moraa akaongezewa. Mama Bosibori alikuwa akitazama nje ya mlango, upande wa shamba.

"Kule kwenye kona, karibu na mtaro," akasema, "umeacha magugu."

"Nimeyaona, Mama."

"Basi utakuja lini?"

"Mama, noti imeungua."

"Nimeona. Si nilikuwa hapa?"

Nikamwambia Jumapili ijayo, na nilikuwa nimeshaudhika kabla sijamaliza kulitamka. Akatikisa kichwa kukubali, akanisogezea bakuli la mboga, akaniambia nije na gunia langu mwenyewe, kwa kuwa lile la kwake analihitaji.